Milisekunde Moja Mpaka Ulyankulu

Ukipita mtaani kwetu, kartie ya Shatanya, hapa Gitega, ukaona mtu mzima mwenye mvi kwenye ndevu amesimama mlangoni pa duka la kushonea, lati ya shule, ile rula ya watoto, mkononi, anaiangalia kama vile imemtukana, usiite polisi. Ni mi, Uthmani. Akili bado iko. Naangalia tu zile sentimita thelathini, nasema Subhanallah, halafu narudi kwenye mashine yangu.

Ugonjwa huo niliambukizwa na Adventina.

Adventina alifika kwetu ile miaka wakimbizi wetu walikuwa wanarudi. Amani ilikuwa imeisha kushika, na malori yalikuwa yanaingia kutoka Tanzania yamebeba watu, mabati, milango, mpaka kuku. Yeye alizaliwa Ulyankulu, kule upande wa Tabora, babake mzee Josephat alikokimbilia wakati wa mauaji ya mwaka wa sabini na mbili. Alisoma huko, shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari kwa Kingereza, akafundisha huko. Mama yake walimzika huko. Halafu mzee akasema sasa inatosha, tunarudi, na wakarudi wawili kwenye kilima cha kwao, kolini la Buhinyuza, mkoa wa Muyinga, karibu na mpaka. Adventina alikuwa hajawahi kuliona. Watu wa kolini wakamtazama anavyofunga kitenge, wakamsikia anavyosema "samahani" kabla ya kila kitu, wakampa jina moja kwa moja: Mtanzania.

Alilima nao. Mais, ndivyo tunavyosema lakini, mwalimu ni mwalimu. Siku moja akamwambia babake bila kuzunguka: "Baba, mimi jembe naliweza, lakini nikikosa darasa nitakufa nikiwa nimesimama. Nitajaribu huku. Wakinikataa, nitarudi Ulyankulu, shule yangu inanikumbuka." Mzee akashika jembe akaendelea kulima. Mke wake alikuwa amebaki kwenye udongo wa kule. Mtoto naye akirudi, basi angebaki kwenye kolini na migomba tu.

Ndiyo sababu Adventina alikuja Gitega, akapanga chumba kwenye lupango yetu, ua mmoja na sisi, na mke wangu Mwajuma, mama wa binti yetu Swabra, akapata mtu wa kumchokoza kuanzia asubuhi.

Balaa ya kwanza ilikuwa siku nane.

Alienda kwenye burau moja, ofisi ya elimu, kujiandikisha kwa jaribio la walimu. Ilikuwa Jumanne. Wakamwambia kwa Kifaransa, rudi baada ya siku nane. Bon. Kwetu sisi tuliosoma kidogo na Wafaransa wa vitabu, siku nane ni wiki. Unahesabu na leo. Jumanne mpaka Jumanne, siku nane, hata mtoto anajua. Adventina wa watu akahesabu kama alivyofundishwa kule: kesho moja, kesho kutwa mbili, akafika Jumatano amepiga pasi, amebeba vyeti. Akakuta wanafagia. Jaribio lilikuwa jana.

Alirudi nyumbani akakaa kwenye kizingiti. Mwajuma akamuuliza kuna nini. Akaeleza.

"Yoo, dada wangu!" Mwajuma akapiga makofi. "Siku nane na we unaenda siku ya tisa?"

"Mama Swabra, wiki ina siku saba. Saba na moja ni nane. Nimekosea wapi?"

"Umekosea kuruka leo. Hapa leo nayo ni siku. Umesimama juu yake, unaihesabu!"

Kuanzia hapo ikawa wimbo wa lupango. Akienda kuchota maji, Mwajuma anamuuliza: "Umehesabu na leo?" Akinunua mkate: "Na leo iko ndani?" Adventina anacheka, mais nilikuwa namuona midomo inatembea. Alikuwa anajifundisha. Alitaka kuwa mtu wa hapa mpaka kwenye vidole vya kuhesabia.

Mungu si Uthmani, hafungi duka mapema. Kuna shule moja pembeni ya mji, binti yangu Swabra alikuwa anasoma hapo klasi ya tisa, mwalimu wao wa hesabu alienda kujifungua. Wakamchukua Adventina ashike nafasi. Direkteri wa shule akamwambia wazi: mwisho wa trimestri, muhula huu, anakuja inspektrise wa kukagua walimu, Madamu Melania. Atakaa kwenye somo moja. Akiridhika, serikali inakupa kazi ya kweli. Asiporidhika, asante kwa kusaidia. Na somo lenyewe limeisha kupangwa: vipimo vya wakati, vile vidogo vidogo, na namba kumi yenye vidole juu yake.

"Vidole juu?" nikauliza. Ilikuwa mchana, mi niko kwenye mashine, yeye amekaa kwenye benchi ya wateja na madaftari ya watoto.

"Nguvu za kumi, Baba Swabra. Kumi kwa nguvu ya tatu ni elfu. Kidole tatu, zero tatu."

"Na wakati mdogo? Kuna nini chini ya sekunde? Mi nilijua sekunde ndiyo mlango, ukipita hapo unaanguka."

Akacheka. Akaniambia angalia sindano yako. Nikapiga pedali, sindano ikashuka ikapanda. Akasema sekunde moja uikate vipande elfu, kipande kimoja ni milisekunde. Sindano yako haijafanya lolote bado, iko hewani tu. Hiyo milisekunde uikate tena elfu, ni mikrosekunde. Uikate tena elfu, nanosekunde. Tena elfu, pikosekunde. Tena elfu, femtosekunde.

"Sasa we unanidanganya," nikasema. "Hicho kisu unakitoa wapi?"

"Kisu ni mwanga," akasema.

Na hapo ndiyo nikashikwa. Alichukua atlasi ya Swabra, akaniomba uzi. Nikamkatia uzi mweupe. Akaweka ncha moja juu ya Gitega, akaunyoosha moja kwa moja bila kufuata barabara, ukapita juu ya mpaka, ukaingia Tanzania, ncha ya pili akaishika na ukucha.

"Hapa ni Ulyankulu," akasema. "Karibu kilomita mia tatu. Mwanga unafika hapo kwa milisekunde moja. Baba na mama walitembea wiki na wiki, usiku wanatembea, mchana wamejificha."

Mashine ilikuwa imesimama. Sikumbuki kama niliisimamisha mi.

"Haya, kata elfu," akasema. "Mikrosekunde moja. Mwanga unaenda mita mia tatu. Kutoka hapa mpaka msikitini na kurudi kidogo. Kata elfu tena. Nanosekunde." Akanyoosha mkono, akachukua lati ya Swabra mezani, ile ya plastiki, akaninyooshea. "Hii. Mwanga unaingia kwenye zero, unatokea kwenye thelathini. Basi. Nanosekunde ni hii."

Nikaishika. Wallahi, ile lati nilikuwa nimeinunua mwenyewe sokoni, nilikuwa nakunia nayo mgongo. Sasa nimeshika wakati mkononi. Una urefu, una ukingo, unaweza kuuvunja na goti.

"Na kata elfu tena?"

Akachukua ule uzi akausogeza karibu na jicho langu. "Unene wa huu uzi. Pikosekunde."

"Na ile ya mwisho?"

"Unene wa uzi, ukate elfu. Hapo jicho halifiki. Lakini hesabu inafika."

Mi nimeshona miaka zaidi ya ishirini. Uzi nimeusukuma kwenye tundu la sindano, nimeulowanisha na mate, nimeutukana. Sikujua kuna mtu anaweza kusimama kwenye unene wake na bado akashuka ngazi moja tena. Siku ile mteja wa suruali alikuja akakuta sijakata hata mguu mmoja. Nikamwambia rudi baada ya siku nane.

Lati nikampa Adventina. Swabra alilia, nikamnunulia ingine.

Siku ya somo ilifika, Alhamisi. Mi niko kwenye komite ya wazazi, donc, kwa hiyo basi, nilivaa koti na kukaa nyuma ya klasi, kwenye benchi ya watoto, magoti yananigusa kidevu. Madamu Melania akaingia. Mwanamke mrefu, viatu vya kisigino chembamba, uso kama mlango wa benki siku ya Jumapili. Akakaa pembeni, akatoa bic, kalamu yake.

Adventina alianza vizuri. Kifaransa chake kilikuwa kinatembea polepole, kinashika ukuta, mais kilikuwa kinatembea. Alichora kwenye tablo, ubaoni, mteremko wa kolini wenye ngazi sita, kama zile tunachimba kwenye kazi za pamoja za Jumamosi ili mvua isibebe udongo. Juu kabisa sekunde, chini yake mili, mikro, nano, piko, femto. Kila ngazi unayoshuka, zero tatu. Watoto wakaelewa, maana ngazi hizo wanazichimba wenyewe na wazazi, wanazilalamikia. Akasimulia mwanga. Akanyoosha uzi kwenye karte ya ukuta, ile ramani kubwa, mpaka Ulyankulu. Akainua lati. Watoto wa nyuma wakasimama waione. Nikajiambia Uthmani, kazi imepatikana, tafuta mbuzi.

Halafu akauliza: "Milisekunde moja ina nanosekunde ngapi?"

Akachukua kijiti, akaanza kugonga ngazi moja moja. "Tuhesabu pamoja. Mili, moja. Mikro, mbili. Nano, tatu. Ngazi tatu, kila moja zero tatu. Zero tisa!" Akaandika moja, na zero tisa nyuma yake. Kumi kwa kidole tisa.

Watoto wakaandika. Mi nikatingisha kichwa kama ninaelewa. Madamu Melania hakutingisha chochote. Aliandika kitu kifupi, akaweka bic chini. Na mtu anayesimamisha bic katikati ya somo amemaliza.

Adventina alimuona. Akaangalia tablo. Akaangalia ile lati mkononi. Mtoto mmoja akakohoa kwa huruma.

"Ngojeni," akasema, na hapo Kifaransa kikamponyoka, akaingia Kiswahili cha Tabora kitupu. "Ngojeni kidogo. Lati moja ni nanosekunde moja. Nikipanga lati milioni, moja mbele ya nyingine, nafika kilomita mia tatu. Nafika Ulyankulu. Lakini hapa nimeandika zero tisa. Hizo ni lati milioni, halafu hizo zote mara elfu tena." Akageukia karte, akageukia dirisha, mbinguni kweupe. "Nikizipanga hizo, napita Ulyankulu, napita bahari, naishiwa na dunia. Nakaribia mwezini."

Akaweka lati juu ya meza.

"Baba yangu alikimbilia Ulyankulu," akasema. "Hakukimbilia mwezini. Hapa kuna mtu amekosea, na mtu huyo ni mwalimu wenu. Wekeni kalamu chini. Twendeni nje."

Nyuma ya ile klasi kuna mteremko wenye ngazi zenyewe, zimepandwa majani ya ng'ombe kwenye kingo. Watoto wakatoka kama nyuki. Madamu Melania akatoka, visigino vinaingia kwenye udongo. Mi pia.

Adventina akapanda ngazi ya pili kutoka juu. "Hapa ni mili. Nimesimama. Nimeruka?"

"Oya, hapana!" watoto wakasema.

"Zero ngapi?"

"Hakuna!"

Akakusanya sketi, akaruka chini. "Mikro!"

"Tatu!"

Akaruka tena. "Nano!"

"Sita!" Sauti ikagonga ukuta wa klasi.

"Ngazi nimekanyaga tatu. Nimeruka mara ngapi?"

"Mbili!"

"Ile niliyosimama juu yake mwanzoni, sikuiruka. Siihesabu." Akanitafuta na macho kati ya watu, na nikajua maneno ni ya kumpelekea Mwajuma. "Nilijifundisha kuhesabu na leo. Kwa siku, sawa, ndiyo desturi yenu na nimeipokea. Kwa kuruka, hapana. Unahesabu mruko."

Watoto wakataka kujaribu wote. Mmoja akaruka kutoka mikro mpaka piko, sita. Mwingine akapanda kutoka nano mpaka sekunde, anahema, zero tisa, na hizo zilikuwa za kweli. Walikuwa wanapiga kelele mpaka klasi za jirani zikatoa vichwa.

Hapo sauti ya Madamu Melania ikatokea, kavu: "Kutoka sekunde mpaka femto?"

Adventina akasema: "Madamu, mtu lazima aruke."

Na inspektrise akatuangalia. Akainama, akavua viatu, kimoja kimoja, akavipanga kwenye majani kama vile viko dukani. Akapanda juu kabisa, ngazi ya sekunde, akashika sketi yake ya burau, akaruka. Watoto hawakuamini mara ya kwanza, sauti ilitoka kidogo: "Tatu." Akaruka. "Sita!" Akaruka, akatereza, akasimama. "Tisa!" Akaruka. "Kumi na mbili!" Akaruka ya mwisho, akatua na miguu miwili kwenye udongo mwekundu.

"Kumi na tano," akasema mwenyewe, polepole. Moja yenye zero kumi na tano. Nilimuona anageuka kuangalia juu alikotoka, ngazi tano, mahali pa kushuka mtoto bila kushikwa mkono, na najua alikuwa anafanya nilichokuwa nafanya mi: anajaribu kuona ndani ya kupepesa jicho mara moja kuna vipande vingapi. Huwezi. Unabaki umesimama na matope kwenye vidole.

Wakati anavaa viatu akamwambia Adventina, na uso umerudi kuwa mlango wa benki: "Kwenye tablo uliandika kosa."

"Ndiyo, Madamu."

"Na mi niliisha kuandika hapa kwamba hukuliona." Akafunga karatasi zake. "Bon. Uje burau kuchukua jibu. Baada ya siku nane."

Mi nilikohoa. Kikohozi hicho kilitoka bila ruhusa. Adventina akasimama wima.

"Samahani, Madamu. Leo nimesimama juu yake, ama nimeisha kuiruka?"

Madamu Melania alifikiri. Halafu kitu kikaonekana pembeni ya mdomo wake, kidogo, unene wa uzi. "Umesimama juu yake. Mais kwenye burau yangu, tunaihesabu. Njoo Alhamisi."

Alhamisi hiyo Adventina alifika kabla ya mlinzi wa zamu kufungua lango. Mwajuma naye alimsindikiza mpaka kona, asije akapotea kwenye kalenda. Saa tano akarudi. Alikaa kwenye benchi ya wateja, akanipa karatasi niisome, na mi Kifaransa changu kinatosha kusoma kwamba kazi imetoka, na jina la mahali: Buhinyuza, kwa babake.

Mwajuma alilia, halafu akamuuliza: "Sasa nani nitamchokoza?" Mbuzi hatukupata. Tulikula kuku.

Mwaka ule ule nilikuwa na harusi ya ndugu Muyinga mjini. Nikasema nikiwa nimefika huko, nisipomuona Adventina, Mwajuma hataniruhusu kuingia nyumbani. Nikapanda pikipiki mpaka Buhinyuza. Shuleni wakaniambia Madamu ametoka, mfuate kwa babake. Hawakusema Mtanzania. Walisema Madamu wa ngazi.

Mzee Josephat nilimkuta mbele ya nyumba, kwenye kiti cha mbao, jua la saa tisa linampiga miguuni. Ile lati ya Swabra ilikuwa juu ya magoti yake. Nilimsalimu, nikasema mi ni fundi wa Gitega, akanishika mkono na mikono miwili.

"Ameniambia kuhusu hii," akasema, akainua lati. "Ameniambia mwanga unatoka huku unafika Ulyankulu kabla sijainua mguu. Ni kweli, fundi?"

"Kweli, mzee. Milisekunde moja."

"Sisi tulitembea mpaka viatu vikaisha, tukaendelea na miguu." Akaigeuza lati. "Na kurudi je? Nilisahau kumuuliza. Mwanga ukirudi, unachukua muda gani?"

"Ule ule, mzee."

Akatingisha kichwa kwa muda mrefu. "Kumbe," akasema. "Kumbe njia ni moja." Na yeye kurudi kulimchukua miaka kama umri wa mtu mzima mwenye watoto. Aliweka lati kwenye jua, akaona mwanga unalala juu yake kutoka zero mpaka thelathini, akapitisha kidole juu yake, taratibu, kama anagusa mtoto aliyelala.

Chini kwenye mteremko, kati ya migomba, nikaona kitenge. Alikuwa anamwagilia mboga.

"Adventina!" mzee akaita. "Mgeni wako wa Gitega amefika! Unakuja lini?"

"Milisekunde moja, baba!"

"Mwongo," mzee akaniambia. "Atamaliza mstari wote wa kabichi kwanza."

Na alimaliza kweli. Tukangoja. Mwanga ulikuwa umeisha kwenda Ulyankulu ukarudi, ukaenda ukarudi, mara ambazo mi sina zero za kuzihesabu, na yeye bado anainamisha ndoo. Mzee hakuchoka kuangalia njia. Halafu akaanza kupanda kuja kwetu, ngazi moja moja, miguu imejaa matope, na mzee akasogea kwenye kiti chake ili binti yake apate mahali pa kukaa.